Ugali Wenye Chumvi

Ugali ulikuwa na chumvi. Sasa nani aliwahi kutia chumvi kwenye ugali? Theodory alimeza tonge la kwanza, akamtazama mkewe, na Klementina akawahi kusema, "Usinitazame hivyo. Ni maji na unga tu."

Ilikuwa mchana kweupe, nyumbani kwao Chanji, upepo unagonga mabati. Sharon, binti yao wa miaka sita, alijisogeza pembeni kwenye mkeka.

"Unampisha nani?" mama yake akauliza.

"Huyu mama wa kanga. Miguu yake imelowa."

Theodory akaacha kula, maana yeye alimjua.

Wiki mbili nyuma alikuwa Dar es Salaam. Miaka hiyo ushirika ulikuwa hoi, kila mwenye lori amekuwa mnunuzi wa mahindi, na Theodory, aliyekuwa karani wa ghala, naye akawa bwana mkubwa wa mahindi. Mnunuzi wake, Basil, akamwalika kwenye hoteli ya samaki kule ufukweni, ya vitambaa vyeupe na wahudumu wenye tai, ambako kaa huletwa mzima na kamba kochi amelala kwenye sinia anakutazama. Maji ya ndimu ya kunawia Theodory nusura ayanywe. Alikula, tusimsingizie, alikula vizuri. Lakini kila akimeza alimkumbuka mama yake.

Maana siku moja kabla ya safari, Josefina, mama yake mzazi, alitembea saa tatu kutoka kijijini na kikapu cha ulezi kichwani, akamkuta mezani na wageni wake wa malori. Akasimama mlangoni, miguu ina tope. Theodory aliona aibu. Akainamia sahani, asiseme karibu, neno ambalo hata mlevi anayepita njiani huambiwa. Mama wa watu akazunguka nyuma, akakaa jikoni hadi masufuria yaliporudi na makombo.

Basi kule hotelini, mwanamke wa kanga mbili alipokuja kusimama kando ya meza, pindo zinachuruzika maji kwenye sakafu inayong'aa, Theodory akadhani hapo ndipo pa kujisafisha. Akasema, "Karibu, mama." Kwetu huku mtu akiambiwa hivyo hujibu asante, kuleni, akapita zake. Yule akajibu, "Asante, baba. Nitakuja kula kwako." Theodory akacheka. Basil akamuuliza anaongea na nani.

Na sasa ikawa hivyo kila chakula, kwanza chumvi, halafu harufu ya mwani na magamba ya samaki, juu huku kwenye baridi ambako wengi bahari wanaisikia redioni tu, halafu sauti ya mtu anayefyonza mifupa kando ya Sharon, taratibu, bila haraka yoyote, hata siku ambazo mboga ilikuwa maharage, na mtoto akawa hali, anakonda, shingo imebaki kijiti, na hospitali wakamtundikia dripu wakasema ugonjwa hawauoni. Josefina akaja kumuuguza mjukuu wake. Hakuulizia yaliyopita.

Mganga Nyanda alipoletwa kutoka bondeni, hata mkoba hakuufungua.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimwita mwenyewe. Atatoka akiitwa kwenye chakula kingine, na mtu anayejua kabisa anamwita nani."

"Na huyo atakayemwita?" Klementina akanong'ona.

"Atakuwa anakula naye."

Josefina alikuwa jikoni anachambua mboga. Alisikia yote.

Kesho yake mchana, walipoketi kula, akaja akasimama mlangoni, kikapu kichwani, tayari kwa safari.

"Karibu, mama," Theodory akasema, safari hii haraka.

"Asante, mwanangu. Kuleni." Kisha akageukia mahali patupu kando ya Sharon. "Wewe mgeni, twende kwangu. Nakaa peke yangu, ugali wangu ni wa ulezi. Karibu."

Theodory alielewa. Angeweza kusema, hapana mama, huyu mgeni ni wangu. Muda ulikuwepo, tena wa kutosha. Akainamia sahani.

Ile sauti ya kufyonza ikakoma. Kitu kilicholowa kikaburuzika sakafuni kuelekea mlangoni, na nje Josefina akashika njia akitembea pembeni, amemwachia mtu nafasi. Ugali ukarudi kuwa ugali. Sharon akaomba kuongezwa, na baba yake naye, Mungu amsamehe, akala akashiba.

Mwezi mzima ulipita ndipo alipokwenda kijijini, amebeba sukari na blanketi. Harufu ya bahari ilimpokea uani. Akapiga hodi, na ndani mfyonzo ukasita.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa nyembamba mno. "Tunakula, mwanangu. Sikukaribishi."

Theodory akasimama pale na blanketi lake, machozi yanamtoka. Alilia kwelikweli. Lakini njia nzima, tangu Chanji, alikuwa akiomba asikaribishwe.