Somo Aliloliacha Kirsti

Kirsti alichota uji kidogo kwa ncha ya kijiko, akasubiri. Bibi yake mzaa baba, Lempi, alikuwa bado anameza. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia haukufanya kazi na koo lilikuwa zito. Ukimharakisha, anapaliwa. Bakuli moja lilichukua dakika arobaini.

"Unanitazama kama paka kwenye tundu la panya," alisema bibi.

"Nakusubiri umeze, bibi."

"Nimemeza tangu Jumapili."

Hivi ndivyo ilivyokuwa kila siku ya shule. Saa sita mchana Kirsti alitoka darasani, akatembea dakika kumi kwenye theluji mpaka nyumbani. Alimlisha bibi, kisha akarudi shuleni kwa kipindi cha mwisho. Baba yake, Raimo, alikuwa kwenye kiwanda cha mbao mpaka saa kumi jioni. Mama yake alikwisha kuhama mji, siku nyingi.

Siku hiyo ya Januari kompyuta ilikuwa wazi kando ya bakuli. Kirsti alikuwa darasa la kumi na mbili, mwaka wa mwisho wa sekondari. Alikuwa anajaza maombi ya kusomea uuguzi chuo kikuu. Zilibaki siku sita maombi yafungwe.

Mlango uligongwa. Aliyeingia ni Noreen, akikung'uta theluji kwenye viatu. Noreen alikuwa mhudumu wa wagonjwa wa majumbani. Alikuja Jumanne na Ijumaa kumwogesha Lempi.

"Unaandika nini, mwanangu?" aliuliza.

"Maombi ya chuo. Vyuo vitatu, vyote uuguzi. Alama zangu nzuri. Baba anasema watanigombania."

"Masharti umeyasoma?"

"Masharti gani?"

Noreen alivua glavu polepole. "Fungua ukurasa wa hicho chuo cha kwanza. Hapana, hizo ni picha za wanafunzi wanaocheka. Shuka chini. Shuka tena. Hapo. Nisomee."

Kirsti alisoma. "Masomo yanayotakiwa, yote ya darasa la kumi na mbili, ngazi ya chuo kikuu. Kiingereza. Hisabati. Biolojia. Kemia."

Kidole chake kilibaki kwenye neno la mwisho.

"Kemia unayo?" aliuliza Noreen.

"Niliiacha Septemba."

"Ilikushinda?"

"Haikunishinda. Mwaka jana nilipata themanini na nane." Kirsti alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Shule yetu ndogo. Kemia inafundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula wa pili. Iko kipindi cha baada ya chakula. Nilidhani biolojia inatosha."

Aliyesema ni Lempi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, bibi."

"Nina kiharusi, sina ujinga. Saa hizo uko hapa na mimi."

Lempi aligeuza uso ukutani. Uji uliobaki ulipoa.

Noreen alimwogesha bibi, akamvika, akamlaza. Kisha akarudi jikoni. Kirsti hakuwa amerudi shuleni.

"Nikuambie langu," alisema Noreen. "Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliomba uuguzi. Nilipenda jina la chuo na mji wenyewe. Masharti sikuyasoma. Wakanijibu kwa mistari miwili: sina hisabati inayotakiwa. Nikaona aibu, nikanyamaza. Nilikuja kujua baada ya miaka mingi kwamba hisabati ile ningeisoma kwa miezi mitano tu. Mtu wa kuniambia hakuwepo, na mimi sikumuuliza mtu."

"Sasa nifanye nini? Septemba imepita."

"Muhula wa pili haujaanza. Unaanza Februari. Leta karatasi."

Kirsti alileta bahasha ya duka la dawa. Noreen aligawa upande wa nyuma wa bahasha kwa mistari.

"Watu huanza na chuo. Wewe anza na kazi unayoitaka. Unaitaka kwa kweli, au ni kwa sababu ya bibi?"

Kirsti alifikiri kidogo. "Naitaka. Hospitalini niliona wanavyomgeuza kitandani bila kumuumiza. Nilitaka kujua wanafanyaje."

"Vizuri. Andika uuguzi hapa. Hapa andika kila mahali panapofundisha. Hapa masomo wanayotaka, neno kwa neno. Hapa siku ya mwisho. Usiweke sehemu moja tu, wala usiweke zote za aina moja. Kuna vyuo vya ufundi vinavyofundisha uuguzi wa miaka miwili. Unamaliza, unafanya mtihani, unaajiriwa. Ukitaka kuendelea mpaka chuo kikuu, unaendelea."

"Si ndio uuguzi mdogo huo?"

"Aliyemfundisha bibi yako kumeza upya pale hospitalini alipita huko. Mwambie yeye ni mdogo."

Kirsti aliinamisha kichwa, akaandika. Alipofika kwenye safu ya masomo aliona neno kemia limejirudia. Hata baadhi ya vile vyuo vya miaka miwili vililitaka.

Zamu ya Noreen ilikwisha saa tisa. Hakuondoka. Raimo alipoingia, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, alimkuta ameketi na Kirsti.

"Mama ana nini?" aliuliza haraka.

"Mama hajambo. Kaa, Raimo."

Kirsti alimweleza mwenyewe. Baba yake alisikiliza akiwa na koti mwilini.

"Una alama tisini," alisema. "Watamkataaje mtu mwenye tisini?"

"Hawatafika kwenye alama," alisema Noreen. "Wanaangalia masomo kwanza. Likikosekana moja, ombi linawekwa pembeni."

"Na shule ilikubali vipi aache?"

"Kulikuwa na karatasi ya mzazi," alisema Kirsti. "Ulisaini, baba. Ulikuwa unatoka kwenda kazini."

Raimo alitazama mikono yake. "Nilisaini," alisema. "Nilidhani ni ya safari ya shule. Sikusoma, na sikukuuliza kwa nini uko nyumbani kila mchana. Niliona mama amekula, nikaridhika."

Hakuna aliyemlaumu.

"Ofisini kwetu naweza kuomba waongeze siku za kumhudumia mama," alisema Noreen. "Lakini kuna foleni. Msitegemee kabla ya kiangazi."

"Kuna zamu ya usiku," alisema Raimo. "Ningekuwa hapa mchana."

"Baba, zamu ya mchana uliingoja."

"Miaka kumi na mmoja." Aliitaja kama anayesoma kipimo cha ubao. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwa mama yake. Kirsti alisikia sauti yake ya chini kwa muda mrefu. Halafu ya bibi: "Mwambie yule mtoto asile kiporo changu. Nakuja kukimaliza."

Kesho yake asubuhi baba na binti walikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, Bwana Desrosiers. Kirsti aliweka bahasha mezani. Mshauri aliisoma safu baada ya safu.

"Nafasi zipo tatu darasani," alisema. "Naliingiza somo kwenye ratiba yako sasa hivi. Vyuo vitaona unalisoma. Ungekuja Machi, nisingeweza kukusaidia mwaka huu." Kisha akamgeukia Raimo. "Mzazi anatakiwa kusaini."

Raimo alivaa miwani. Alisoma karatasi yote, mbele na nyuma. Ndipo akasaini.

Maombi yalikwenda kabla ya siku ya mwisho: vyuo vikuu viwili na vyuo vya ufundi viwili.

Februari Kirsti alianza kemia. Raimo alihamia zamu ya usiku; mchana aliamka, akamlisha mama yake. Wiki ya kwanza bibi alipaliwa mara mbili, Raimo akaogopa. Noreen alimwonyesha jinsi ya kumkalisha wima na kusubiri. Kufikia Machi alikuwa na subira kuliko Kirsti.

Majibu ya kwanza yalikuja Aprili. Chuo kikuu kimoja kilimkubali, kwa sharti moja: apate sabini au zaidi katika kemia. Alama zake mpaka siku hiyo zilikuwa sitini na sita.

Jioni hiyo, kabla ya zamu, Raimo alivuta kiti mezani. Mbele ya Kirsti kulikuwa na maswali ishirini ya kusawazisha milinganyo. Alikuwa amemaliza tisa.

"Hii namba ndogo hapa chini ni ya nini?"

Kirsti alimweleza. Alipokuwa anaeleza, aliona kosa lake katika swali la saba. Alilifuta, akalifanya upya, likakaa sawa.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja. Macho yanauma, baba."

"Basi za kesho hizo," alisema Raimo. Aliweka penseli katikati ya kitabu, akakifunga, akaenda kuvaa viatu vya kazi.