Kipindi cha Pili cha Hilari

Msimu wa kahawa wa mwaka 1998, stendi ya Mbinga haikuwa na pa kukanyaga. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia wilayani, kila mmoja na mzani wake na spika yake, wakishindana kutangaza bei. Katika makelele hayo Notburga, mwanachuo wa ualimu aliyevaa sketi ya bluu na sweta ya rangi ya maziwa, alirudi nyuma kukwepa gunia, akamkanyaga mtu.

"Pole, kaka!"

"Usijali, dada. Umeponda kidole kimoja tu, vingine vizima."

Akainua macho, akaendelea kuyainua. Alikuwa kijana mrefu ajabu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, fuko la usipa, dagaa wa ziwani, begani. Kumbe alikuwa anaripoti chuo kile kile.

"Hilari, wa Lundo, kule ziwani."

"Notburga, wa Mbuji."

"Jina refu hilo. Nitakuita Noti."

"Noti ya shilingi ngapi?"

"Mpya kabisa, haijakunjwa!"

Walicheka mpaka gari likawaacha.

Hilari alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Mwalimu Lusekelo, aliyefundisha hisabati na kuongoza timu ya chuo, alimpa Notburga kazi ya takwimu: pointi, mipira iliyodakwa chini ya goli, pasi zilizozaa pointi, mipira iliyopotezwa. "Makofi ya watazamaji yanadanganya," alisema. "Nipe namba." Basi kila Jumamosi Notburga alikaa kando ya uwanja wa saruji, akihesabu na kupenda kwa wakati mmoja.

Mwaka uliofuata habari zikaenea kwamba kampuni moja ya Dar es Salaam inaunda timu, na mjumbe wake anakuja kuchagua mchezaji mmoja wa kumwajiri. Wastani wa Hilari uliupita mbali ule wa Nicholaus, mfungaji mwingine wa chuo. Notburga akafurahi. Lakini alipotenganisha kipindi cha kwanza na cha pili, akarudia kuhesabu. Kipindi cha kwanza Hilari alikuwa simba. Cha pili alidaka nusu ya mipira, na kila mechi nusu hiyo ilizidi kupungua. Hakuna mwingine aliyeshuka hivyo. Wastani ulikuwa umeficha jambo.

"Mpenzi, kipindi cha pili unapatwa na nini?"

"Nachoka kama watu."

"Si kama watu. Watu wote nimewahesabu."

"Noti yangu, usinipime kama gunia la kahawa!" Hilari alicheka, lakini alikaa chini kabla hajamaliza kucheka, na Notburga akaona fulana ikirukaruka upande wa kushoto wa kifua chake.

Kuanzia hapo hakula akashiba. Siku mjumbe alipofika, alikimbilia ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba Hilari apimwe hospitali kabla ya safari yoyote." Akamweleza alichokiona.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mjumbe akatoka akijifuta jasho. "Mchezaji wa nusu mechi wa nini? Nitamchukua Nicholaus."

Mjumbe alipomtangaza uwanjani, Nicholaus, ambaye aliwahi kumtaka Notburga akakataliwa, alipaza sauti. "Asante, Notburga! Namba zako zinanipeleka Dar!"

Hilari akageuka taratibu. "Kumbe umeniuza?"

"Hilari, nisikilize, naogopa..."

"Unaogopa nini? Umeshampa mwenzangu nafasi yangu!" Akanyakua mpira. "Bwana mjumbe, tazama! Kipindi cha pili ndiyo hiki!"

Akakimbia goli hadi goli juani, midomo ikibadilika rangi. "Acha, Hilari!" Notburga alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hilari akaruka, akafunga, akaanguka. Mpira ukaendelea kudunda peke yake.

Daktari wa misheni alisema vali moja ya moyo, mlango wa kupitisha damu, iliharibiwa na homa ya utotoni. Angechomwa sindano kila mwezi, na asingecheza tena. Wiki chache za mazoezi ya Dar zingemuua. Notburga alipoingia wodini, Hilari aligeukia ukutani. Kisha nduguye akamchukua, wakateremka Lundo bila kuaga.

Wiki zikapita. Kila simu ya ofisini ilipolia, Notburga alihisi ni taarifa ya msiba. Mchana mmoja Mwalimu Lusekelo akamwita aje apokee.

"Noti?"

"Hilari! Uko wapi?"

"Posta, Mbamba Bay. Mwalimu alipita kunijulia hali, akaniambia kumbe uliomba nipimwe tu. Nisamehe."

"Sindano unachoma?"

"Nachoma. Muhula ujao narudi nimalize ualimu." "Wewe mwenye takwimu, niambie. Mtu wa moyo huu huishi miaka mingapi?"

"Sijui. Hesabu za wengi hazimjui mmoja."

"Sasa nikikuomba nikuoe, na hujui..."

Waya ukakoroma, kisha kimya.

"Hilari? Hilari!" Mwalimu Lusekelo akainuka kitini.

"Nipo. Ni waya tu."

Notburga akaegemea meza, machozi yakimdondokea kwenye sweta. "Hofu hii nitaamka nayo kila siku."

"Najua, mpenzi. Ndiyo maana nauliza, siamuru."

"Basi nitaamka nayo. Jumapili njoo Mbuji, baba na mama wakuone. Ila ule mlima wa kuja kwetu usiuanze peke yako. Nisubiri pale gari linapoishia, nitateremka, tuupande polepole."