Darubini Mbili Ukingoni mwa Simbi

Saa kumi na moja jioni Werema alitoka dukani kwa Suhail, mjini Kendu Bay, akiwa na darubini mbili ndani ya mfuko wake wa mgongoni, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Alikuwa mtu wa Ntimaru, kule Kuria, miaka hamsini na miwili, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni. Wengine walikuja kutazama ndege, wengine walikuja na leseni kuwinda kanga na kware. Darubini yake ya zamani ilikuwa imeota ukungu ndani ya vioo, na wiki iliyofuata alikuwa na wageni wanne wa kupeleka bonde la Lambwe. Alitaka darubini ndogo ya jicho moja, isiyomvunja shingo akipanda mlima.

Suhail aliuza saa, redio na kamera kuukuu. Alikuwa ametoa mbili akazilaza juu ya kitambaa.

"Hii nyeusi inavuta vitu karibu sana," alisema. "Hii ya kijani inavuta kidogo, lakini kioo chake cha mbele ni kipana. Inakunywa mwanga."

"Mimi naziona sawa tu."

"Mchana kila darubini ni nzuri, mzee. Nenda nazo Simbi ukazijaribu jua likizama. Kesho asubuhi utaniambia."

Werema hakuwa na wa kumwahi nyumbani. Tangu Weigesa, mkewe, afariki mwezi wa tatu, alikubali kila safari, ya karibu na ya mbali, mradi asilale katika ile nyumba ambamo hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Simbi ni ziwa dogo, la mviringo kama bakuli, limezama ndani ya shimo la ardhi. Maji yake ni ya kijani, mazito, yana harufu ya yai viza. Hayana samaki. Hayana mtumbwi. Jioni ile hayakuwa hata na mchungaji. Ndege tu: heroe kwa mamia, wale wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, wameinamisha vichwa majini.

Aliketi kwenye jiwe, akaegemeza ile nyeusi juu ya mfuko. Aliona hadi manyoya. Lakini kila alipovuta pumzi picha ilitetemeka, na jua lilipogusa kilima ikaanza kufifia, kama taa inayopunguzwa utambi.

Akashika ya kijani. Picha ilitulia. Miwani haikumsumbua. Na mwanga... mwanga ulikuwa kama wa saa tisa mchana.

"Hii," alijiambia.

Akaisogeza polepole kufuata heroe mmoja aliyejitenga na wenzake. Ndipo alipoona moshi.

Ng'ambo, chini kabisa karibu na maji, mwanamke alikuwa ameketi mbele ya moto mdogo. Alikuwa amempa mgongo.

Werema akaondoa jicho. Mawe. Nyasi. Hakuna mtu.

Akarudisha jicho. Yupo.

Akajaribu ile nyeusi. Giza na mawe.

Akarudi kwenye ya kijani. Bega la kushoto la yule mwanamke lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Weigesa aliwahi kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na bega lake halikurudi sawa tena. Na kichwani alikuwa na kitambaa cha buluu.

Kile walichomzika nacho.

Heroe wote walinyamaza. Werema akasikia mwiko ukikwangua chungu... kwa... kwa... kwa... karibu sana, kama uko jikoni kwake. Harufu ya yai viza ikaondoka. Ikaja ya uji wa wimbi.

Kando ya mwanamke palikuwa na kigoda kitupu. Bila kugeuka, akanyoosha mkono, akakipapasa taratibu. Mara mbili.

Kama mtu anayesema, keti.

"Nakuja," Werema alinong'ona.

Akainuka, jicho halijabanduka kwenye kioo. Alishuka akipapasa kwa miguu. Hakuogopa. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba hakuogopa hata kidogo. Miezi minane hakuna aliyemwekea kigoda.

"Geuka," alisema. "Nione uso tu, mama."

Mwiko ukanyamaza. Kitambaa cha buluu kikaanza kugeuka. Polepole... polepole mno...

"Baba."

Sauti ilitoka nyuma yake.

"Baba, hapo hakuna njia."

Akashusha darubini.

Maji yalikuwa kifuani.

Mwanamke aliyesimama ukingoni alikuwa Caren, mkazi wa pale juu, aliyekuwa akitafuta mbuzi wake. Hakuingia majini. Alimnyooshea fimbo ndefu na kumvuta nayo hadi kwenye mawe, kisha akamtazama.

"Umeona mtu ng'ambo," alisema. Hakuwa anauliza.

"Mke wangu."

"Yawa." Caren akatikisa kichwa. "Hapa zamani palikuwa kijiji. Bibi mzee alikuja na njaa wakati wa sherehe, wakamfukuza. Usiku huo maji yakameza kila mtu. Sisi tunajua hivyo tu. Lakini jioni hatukai hapa." Akakitazama kile kitu cha kijani kilichoning'inia shingoni mwa Werema. "Kuna mwingine alikuwa na hiyo hiyo. Cephas, wa Rongo, mtu wa ndege. Yeye nilimkuta asubuhi. Nilichelewa."

Asubuhi, koti likiwa bado linanuka, Werema aliweka darubini zote mbili mbele ya Suhail.

"Nachukua nyeusi."

"Lakini ya kijani..."

"Ilikuwa ya nani?"

Suhail akavuta gazeti kutoka chini ya meza. "Ya marehemu mmoja wa Rongo. Nisamehe, mzee. Sikudhani chombo kina kosa."

"Yeye aliona nani kule?"

"Jamaa zake wanasema wiki nzima alikuwa akirudi Simbi. Aliwaambia amemwona mama yake ng'ambo, anampikia. Walikuwa wamekosana, hawajaonana miaka sita. Moyo ulikuwa unamuuma."

Werema akashusha pumzi. Ndani yake kitu kililegea, karibu kama furaha. "Basi ni wafu wetu," alisema. "Wanatungoja."

Suhail hakumtazama usoni. Alikuwa anaifunga ile ya kijani katika gazeti, tabaka juu ya tabaka.

"Mama yake yu hai, mzee," alisema. "Ndiye aliyeniletea hii. Alisimama hapo hapo uliposimama."

Werema aliwapeleka wageni wake Lambwe. Ile nyeusi ilitetemeka mikononi, na jua lilipoinama haikuonyesha kitu. Wageni walilalamika. Yeye alishukuru.

Kisha akarudi Ntimaru, akafungua nyumba, akawasha moto, akaketi. Picha ya Weigesa hakuwa nayo, hawakuwahi kupigwa. Alikuwa na ile aliyoibeba kichwani, na kila jioni aliitoa: paji la uso, pengo la jino, jinsi alivyocheka akiziba mdomo.

Jioni ile alifumba macho na kumwita.

Akaja. Bega limeshuka, kitambaa cha buluu.

Alikuwa amempa mgongo.

Werema akafumbua macho haraka. Akangoja. Akafumba tena, akajaribu kumkumbuka siku ya harusi, kisimani, kitandani mwa hospitali. Kila mahali alimpata. Kila mahali aliona mgongo.

Na safari hii, kichwa kilikuwa kimeanza kugeuka.