Jina Lililotoka Jukwaani

Timazi alizoea kulitaja jina lake mara mbili. Mara ya kwanza watu hawakulisikia vizuri. Mara ya pili walilisikia, ila hawakuamini. Asubuhi ile, kama asubuhi zote, alichota maji, akapiga viatu brashi, akamsaidia baba yake kutia mwiko, pimamaji na kamba kwenye ndoo ya kazi. Kisha kila mtu akashika njia yake: baba akaenda kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga karibu na kituo cha mafuta, yeye akaenda shuleni. Lakini alikuwa akiburuta miguu, maana siku hiyo zamu ilikuwa yake.

Mwalimu wa historia, kijana mcheshi aliyehamia shuleni mwaka huo, alikuwa amewaagiza wanafunzi wawaulize wazazi wao maana na asili ya majina yao. Kila kipindi wachache walisimama mbele wakaeleza. Mmoja alipewa jina la nyota, mwingine la mvua iliyonyesha baada ya kiangazi kirefu. Msichana mmoja, ambaye wenzake walimwita Redio kwa vile hakujua kunyamaza, alieleza asili ya jina lake la kweli mpaka kengele ikamkatiza.

Tatizo la Timazi halikuwa kukosa jibu. Alikuwa ameuliza nyumbani, na mama yake alicheka mpaka ikambidi aketi. Alimsimulia kwamba siku aliyozaliwa, baba yake alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi. Muuguzi akampigia simu kuuliza mtoto aandikwe jina gani. Baba, simu ameibana kwa bega na mwiko uko mkononi, wakati huohuo alikuwa akimwomba msaidizi wake kifaa kilichokuwa chini: "Timazi!" Muuguzi akashukuru, akaandika, akakata simu.

"Na timazi ni nini, mama?"

"Si kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye kamba, baba yako anapopima kama ukuta umesimama wima?"

Masikio ya Timazi yaliwaka moto. Wenzake walikuwa na nyota na mvua, yeye ana kipande cha chuma, tena kwa bahati mbaya. Aliona aibu isiyo na kifani.

Basi aliposimama mbele ya darasa, alifungua kinywa na maneno yakatoka yenyewe. Timazi, alisema, alikuwa shujaa wa kale, na maana ya jina lake ni Asiyeinama. Maadui walipokuja kuteka mji, watu wote walikimbia, yeye akasimama peke yake juu ya mwamba. Mishale ikanyesha, hakuinama. Wakamrushia mikuki, hakuinama. Mwishowe jeshi lote likaogopa, likarudi lilikotoka. Darasa lilikuwa kimya, hata Redio. Mwalimu alisahau chaki mkononi. Halafu makofi yakalipuka, madawati yakagongwa, na mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani kuuliza kulikoni.

Kabla ya mapumziko Redio alikuwa amekwisha kuitangaza habari shule nzima. Uwanjani wavulana waligombania nani awe Timazi katika mchezo, na watoto wa darasa la kwanza wakapanda juu ya kila kitu kilichopandika wakipiga kelele kwamba hawainami. Fundi baiskeli aliyekuwa karibu na lango alimwomba mtoto mmoja amwandikie jina hilo, alipake rangi kwenye kibao cha duka lake. Jina lililokuwa likirudiwa mara mbili sasa lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Timazi alitembea kifua mbele. Kusema kweli, alikuwa na furaha ya kupasuka.

Siku ya Ijumaa mwalimu wa historia aliingia darasani uso ukimeremeta. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mama na mtoto wazima wa afya. Darasa likashangilia. Akasema jina lilimsumbua sana, mpaka alipokumbuka hadithi ya yule shujaa. Jumatatu angekwenda kumwandikisha mwanawe: Timazi.

Makofi yalipigwa tena. Timazi naye alipiga, lakini aliacha kabla ya wenzake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameufikia mwisho wake. Kudanganya darasa ni jambo moja. Kumfunga mtoto mchanga uongo wa maisha yake yote ni jambo jingine kabisa.

Baada ya masomo alikwenda mbio mpaka kwa baba yake kazini. Alimkuta akikwangua saruji kwenye mwiko, akamweleza yote bila kupumua. Baba hakumkaripia. Alimwonyesha rundo la matofali, akae.

"Mama yako alikusimulia nusu," alisema. "Nilipojua muuguzi amekosea, nilitaka kwenda kubadilisha. Nilikuwa na jina lingine tayari, jina zuri tu. Lakini kabla sijaondoka nililining'iniza lile timazi nililoletewa. Ukuta ulikuwa umepinda."

"Sana?"

"Upana wa kidole. Mwenye nyumba akaniambia nipige lipu juu yake, nani ataona? Nililikasirikia lile timazi, mwanangu. Lakini lilikuwa na kosa gani? Lilisema kweli tu. Nikabomoa, nikaanza upya. Nilipofika kwa muuguzi, ameshika kalamu afute, nikamwambia aliache hivyohivyo."

Timazi alimkodolea macho. "Kwa hiyo ulilichagua?"

"Mara ya kwanza lilikuwa kosa. Mara ya pili nilikusudia." Baba aliuweka mwiko chini. "Sasa na wewe ukuta wako umepinda. Utapiga lipu au utabomoa?"

Timazi alimwomba waende pamoja. Baba akatikisa kichwa, akasema matofali yale hakuyapanga yeye.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa nyuma ya shule. Timazi alifika mlangoni. Alibisha hodi. Alikaribishwa, akaamkia, akaonyeshwa mtoto aliyelala katika kanga, uso umekunjamana kwa usingizi. Hapo hakuweza kungoja zaidi.

"Mwalimu, hakuna shujaa yeyote. Nilimtunga. Timazi ni chuma cha kupimia ukuta, na jina hilo nilipewa kwa sababu ya simu."

Akasimulia habari ya jukwaa, muuguzi, ukuta uliopinda na kalamu. Furaha ilimtoka mwalimu usoni. Timazi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha kukasikika mtu akicheka. Alikuwa ni mke wa mwalimu.

"Mimi huyo shujaa wenu wa mwamba sikumtaka tangu mwanzo," alisema. "Mtu hainami hata kidogo, nepi za wanawe atazifuaje? Lakini hicho chuma cha fundi nimekipenda. Mwanafunzi, jina lako linaazimika?"

Mwalimu alijitahidi kuendelea kununa, ikamshinda. Akamsogeza Timazi karibu.

"Umenikosea, na umewakosea wenzako. Jumatatu utasimama palepale ulipodanganya, uwaambie kweli. Lakini sikiliza jambo hili. Shujaa uliyemtunga alikabili jeshi zima, ila hakupata kuubisha mlango huu. Wewe umeubisha. Jina halimpi mtu heshima, mwanangu; mtu ndiye anayelipa jina heshima, na huanzia kwenye kusema kweli."

Jumatatu Timazi alisema kweli. Darasa liliguna, kisha likacheka, na Redio akadai alijua tangu siku ya kwanza, jambo ambalo hakuna aliyeliamini. Kwa wiki nzima walimwita Shujaa wa Saruji. Naye akawaeleza jinsi timazi linavyoning'inizwa, wakatoka nje kupima ukuta wa darasa kwa jiwe na uzi, wakigombania zamu. Waligundua kwamba ukuta wa choo umepinda, wakakimbia kwa shangwe kumwambia mwalimu mkuu, ambaye hakufurahi kama wao.

Miezi ilipita. Asubuhi moja ya Jumamosi, Timazi alikuwa sokoni akimchagulia mama yake vitunguu, aliposikia sauti kali ya mwanamke nyuma yake.

"Timazi! Toka humo!"

"Naam!" aliitika, akageuka upesi.

Mke wa mwalimu alikuwa amepiga magoti, akimvuta kwa mguu mtoto mmoja mnene aliyetambaa mpaka chini ya meza ya viazi.

"Si wewe," alimwambia akicheka. "Ni huyu."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuitika jina lake na kukuta ameitwa mwingine. Timazi alisimama pale, vitunguu mkononi, akicheka mpaka muuzaji akamuuliza kama yuko salama.