Maji Yanayopanda Kutoka Chini

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Jeltsje alimwagilia mchanga wa uwanja wa farasi kwa mpira. Ikifika saa nne, mchanga umekauka, vumbi linatimka, na Sterre anakohoa. Sterre alikuwa farasi jike wa marehemu mama yake. Daktari wa mifugo alishasema wazi: vumbi lisipokoma, Sterre hatapandwa tena.

"Namwagilia mpaka mkono unauma," Jeltsje alimwambia jirani yao Sietse, fundi wa mabomba.

Sietse akachimba kwa kisigino. Juu tope, chini kidogo unga mtupu.

"Unaulowesha juu juu tu, dada, kama kupaka ngozi mafuta. Mchanga huu unywe kutoka chini."

"Kutoka chini vipi?"

"Tunatandika plastiki nzito. Juu yake mabomba yenye matundu, kisha mchanga laini. Pembeni tunachimba shimo lenye bomba la kusimama, lililounganishwa na hayo mabomba. Ukiliinua, maji ya mvua na ya mpira yanabaki chini ya mchanga. Ukilishusha, yanatoka. Mchanga unayavuta wenyewe, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa."

Wakafanya hivyo. Vumbi likatulia, kikohozi kikapungua. Baada ya wiki tatu vumbi likarudi. Jeltsje nusura alie.

Sietse akafunua shimo. Bomba lilikuwa limeshushwa mpaka chini.

"Ni mimi," akasema Mzee Wobbe, baba yake Jeltsje. Kwa miaka arobaini alikuwa mlinzi wa pampu ya kijiji, ile inayotoa maji ili ardhi yao ya bondeni isifurike. "Maji yamelala chini ya uwanja, nami nilale? Hapa kwetu maji yakiingia, mtu anayatoa!"

Jeltsje alikuwa amekasirika kwelikweli. Lakini alipomwona baba yake ameinamisha kichwa, hasira ikamwisha.

"Baba, haya hayakuvamia. Tumeyaalika."

"Mzee, umeyafukuza miaka yote," Sietse akamtania. "Sasa yakaribishe. Kazi ya bomba ni yako. Jua kali, inua. Mvua kubwa, shusha. Chimba kidogo, finya mchanga mkononi. Ukishikamana bila kudondosha maji, uko sawa."

Tangu siku hiyo Mzee Wobbe alifinya mchanga kila asubuhi, kwa makini kama mwokaji mikate anayepima donge la unga.

Katikati ya kiangazi Jeltsje akampanda Sterre. Baba yake aliegemea uzio, ametega sikio. Mzunguko wa kwanza, wa tano, wa kumi. Sterre hakukohoa hata mara moja.

"Zunguka tena," mzee akasema, machozi yakimlengalenga. "Mama yako angefurahi kumsikia akipumua hivi."