Wino wa Ofisi ya Mjomba

Kila asubuhi Mwanaheri alifagia uwanja, akateka maji kijitoni, kisha akawafungulia kuku banda. Asubuhi ile alimaliza kazi zote tatu kabla jua halijachomoza nyuma ya milima, kwa maana ofisi ya mjomba ilikuwa inakamilika siku hiyo!

Zilikuwa zama za Wajerumani, miaka michache baada ya reli kufika Morogoro. Mjomba Mwinjuma alikuwa amerudi Kinole kutoka shule ya serikali huko pwani, naye sasa alikuwa karani wa Akida, msimamizi wa eneo lile kwa niaba ya Wajerumani. Akida alimruhusu kufanyia kazi nyumbani kwa dada yake, ila kwa sharti: chumba kiwe cha heshima na kazi iwe safi. La sivyo, mjomba angehamia bomani, kwenye ofisi za serikali mjini. Mwanaheri hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Ni mjomba aliyekuwa akimfundisha kusoma.

Basi nyumba nzima ilihangaikia chumba hicho. Mama yake Mwanaheri, Bi Asia, alizikandika kuta upya. Mjomba aliunda meza kwa mbao za makasha ya stesheni, akatundika rafu ya mianzi. Mwanaheri alipewa kazi ya kupaka udongo mweupe na kuchora nakshi nyeusi ukutani.

"Mistari imepinda kama njia ya mbuzi," alisema binamu yake Pili, akichungulia mlangoni huku akitafuna muwa.

"Ingia upake wewe basi, mwenye maneno!"

"Na hicho cheusi mbona kijivu? Akida atadhani moshi wa jikoni umehamia huku."

Pili akaenda zake akicheka. Mwanaheri alitazama ukuta. Kweli, masizi aliyoyachanganya na maji yalikuwa yamefifia yalipokauka. Mjomba alikuwa ameshuka kumpokea Akida. Mezani palikuwa na chupa ya wino, moja tu, kutoka mjini. Mwanaheri alichovya kijiti, akajaribu mstari mmoja. Loo, weusi ulioje! Akachora wa pili, wa tatu, mpaka akazunguka chumba kizima. Alipogeuka, chupa ilikuwa imebaki nusu. Akachungulia mlangoni kama kuna aliyemwona. Akaongeza maji mpaka ikajaa, akaifunga.

Akida Yunusi aliingia jua likiwa limepanda. Alizungusha macho kutoka kwenye nakshi hadi kwenye rafu, akatabasamu.

"Mashallah! Hata bomani hakuna chumba cha kupendeza namna hii. Haya karani, niandikie barua."

Mwanaheri, aliyesimama mlangoni pamoja na mama yake na Pili, alitamani kuruka kwa furaha. Lakini mjomba alipoandika, herufi zilitoka hafifu kama maji ya kuoshea sufuria. Akachovya tena. Hali ni ile ile.

Uso wa Akida ulibadilika. "Umetia maji wino wa serikali? Na mwingine umeupeleka wapi?"

"Sielewi, Bwana Akida."

"Utaelewa mjini. Funga vitu vyako, kesho tunashuka."

Pili aliutazama ukuta, kisha akamtazama Mwanaheri. Mwanaheri alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemshuku. Alijua pia nani angeondoka kesho. Akajikaza, akaingia.

"Shikamoo, Bwana Akida. Si mjomba. Ni mimi. Wino uko ukutani."

"Mwanaheri!" mama alimaka. "We mtoto, umetufanyia nini?"

"Nisamehe, mama. Nilitaka chumba kipendeze."

Mjomba akainamisha kichwa. "Bwana Akida, tupe nafasi tutafute wino mwingine."

"Mpaka nimalize kula," alijibu Akida. "Nami huwa sichelewi kula."

"Twende kwa Mwalimu Hatibu!" alisema Pili, akautupa muwa. Wakatimua mbio.

Mwalimu Hatibu alifundisha Kurani, na wino wa wanafunzi wake aliutengeneza mwenyewe. Walimweleza yote, tangu masizi ya ukutani yaliyofifia. "Wino umekwisha," aliwaambia. "Masizi ninayo, na gundi ya mti ninayo. Mikono mnayo?"

Walisaga masizi na gundi juu ya jiwe, wakitia maji kidogo kidogo. Mwanaheri alitaka kukimbia nao mara moja.

"Bado," alisema mwalimu. "Saga. Masizi yako yalififia kwa kukosa gundi. Haya yatafifia kwa kukosa jasho."

Wakasaga mpaka mabega yakauma, wakauchuja kwa kitambaa, wakarudi na kifuu cha wino. Akida alikuwa ananawa mikono. Mjomba akachovya, akaandika. Herufi zilikaa nyeusi, zimenyooka. Akida aliipeleka karatasi dirishani, akaipuliza, akaisoma mpaka mwisho.

"Baki hapa hapa, karani," alisema. "Ila chupa iwe juu, mbali na mafundi wa nakshi."

Chumba kizima kilicheka, na Mwanaheri akacheka kuliko wote.

Akida alipoondoka, mjomba alimwita. "Mwanangu, ungenyamaza, ungebaki na ukuta mzuri na chumba kitupu. Kosa lako la kwanza lilikuwa dogo. Kubwa ni yale maji uliyoyatia ili kulificha. Ukikosea, sema mapema, kisha tia mkono urekebishe. Leo umesema, na umesaga. Ndiyo maana bado niko hapa."

"Nimeelewa, mjomba."

"Hodi!" Sauti ya bibi mmoja ilisikika uani. "Hapa ndipo kwa karani? Nataka kumwandikia mwanangu aliye pwani."

"Karibu, bibi!" Mwanaheri aliitikia, akakimbia kumvutia kiti.