Rangi Aliyoikataa Severine

Aminiel hakosei rangi, na hamwombi mwanamke msamaha. Hayo mawili aliyaandika mwenyewe kwa herufi nyekundu kwenye ukuta wa kibanda chake cha kuchorea bajaji pale Bonga, akayawekea na kivuli ili yaonekane kama yanataka kumrukia mtu. Bajaji yoyote ya Babati yenye simba, nyota au midomo ya msichana imepita mikononi mwake. Mimi nasimulia tu, hapa kwa Ritha fundi cherehani, nikisubiri suruali yangu ipunguzwe. Sina upande, na sikuwepo. Niliyoyasikia ndiyo hayo.

Ilianzia sokoni, upande wa vyuma chakavu, saa ile ambayo mji mzima hukumbuka kwa pamoja kwamba hauna nyanya. Aminiel aliona ungo wa dishi la televisheni, mkubwa, umepinda kidogo tu. Akaushika ukingo. Ukingo wa pili ukashikwa na msichana mwenye gauni la kitenge cha bluu, raba zenye tope, na penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

"Dada, achia. Nimeushika kwanza."

"Umeushika kwa macho. Kwa mkono nimeushika mimi."

"Unataka ukapepetee mchele?"

"Na wewe? Ukaangalie mpira?"

"Natengeneza chombo cha anga," Aminiel akasema, kifua mbele. "Cha filamu. Hutaelewa."

Msichana akaachia ghafla. Aminiel akakaa chini, ungo mapajani, katikati ya miguu ya watu.

"Kumbe wewe ndiye mpaka rangi wa Twalha," msichana akasema akimwangalia kutoka juu. "Mimi ndiye Severine. Hicho chombo nimekichora mimi."

Twalha ndiye mtengeneza filamu wetu. Alikuwa na hadithi ya wageni kutoka sayari nyingine wanaotua kando ya Ziwa Babati, palepale kwa viboko, na watu wa Arusha wenye mtaji walikuwa waje Jumamosi kuona jaribio. Wakilipenda, Severine angechora filamu nzima, kila vazi na kila mlango. Wasipolipenda, angerudi kushona vifungo kwa shangazi yake, kazi aliyoichukia kuliko alivyomchukia Aminiel. Na Aminiel alimchukia tangu siku Severine alipoibandika michoro yake ukutani pale kibandani.

"Hiki nini? Kichuguu?"

"Ni chombo. Bibi yangu kule Mutuka ana tembe ya zamani, imechimbwa ndani ya mteremko, paa la udongo, majani yameota juu. Unaweza kupita juu yake usijue kwamba chini yako ugali unasongwa. Wazee walijenga hivyo ili adui apite zake. Wageni wangu nao wanajificha. Hawajaja kuringa."

"Mgeni wa anga ni wa kijani. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Alimwona lini?"

"Na hili vazi la rangi ya udongo! Watu watadhani fundi matofali."

"Paka udongo, Aminiel. Usifikirie. Ukifikiria unaharibu."

Namba yake Aminiel aliiandika kwenye simu "Kero". Severine yeye aliandika "Usipokee", lakini ikiita mara moja tu, kashapokea.

"Umekula?"

"Inakuhusu nini?"

"Mtu mwenye njaa huchora vichuguu."

"Na aliyeshiba hupaka midomo kwenye bajaji. Kwaheri, bwege."

"Haya, kero wangu."

"Mimi si wako."

Lakini hakukata. Walikaa wakisikilizana pumzi mpaka salio likaisha. Na mchana mmoja Severine alifika Bonga na samaki wa kukaanga, akamtupia mezani. "Kula. Si kwamba nakupenda, amebaki." Samaki alikuwa mzima, hata mkia haujaguswa.

Jumamosi ikafika. Sasa, filamu za namna hii zina kitambaa cha kijani. Kinatundikwa nyuma ya mwigizaji, halafu kompyuta inafuta kila penye kijani hicho na kuweka picha nyingine: ziwa, nyota, chochote. Twalha alilieleza hilo siku ambayo Aminiel hakuwepo, alikuwa anamalizia bajaji ya mteja, na baadaye akaona aibu kuuliza. Alipokikuta kitambaa ukumbini kwa Twalha akasema moyoni, kumbe hata bosi anapenda kijani. Akachanganya rangi inayofanana nacho kabisa, akalipaka vazi lote la mgeni, kuanzia kola hadi viatu. Kuchanganya hakukosea hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa balaa.

Wageni wa Arusha wakaketi na soda zao mbele ya televisheni. Mkubwa wao, Madam Romana, alivaa suti nyeusi na miwani ya kamba. Mwigizaji, kijana mmoja mtanashati ambaye jina lake halina umuhimu, akatoka nyuma ya pazia ndani ya vazi la kijani na kusimama mbele ya kitambaa. Severine akalitazama vazi, akashika mdomo. Kabla hajapiga kelele, Twalha akabonyeza kompyuta.

Kwenye televisheni, mwili haukuwepo. Juu ya Ziwa Babati kilielea kichwa peke yake, kinatabasamu, kama papai lililotoroka mtini.

Madam Romana alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

"Nilisema udongo," Severine alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Niliandika kwa herufi kubwa. Wewe na kichwa chako!"

Hapo Aminiel angeweza kunyamaza. Lakini watu walikuwa wanamcheka.

"Mchoro wenyewe ndio mbovu," akasema mbele ya wote. "Mimi nilikuwa najaribu kuuokoa."

Severine akabandua michoro yake mmoja mmoja, akaikunja, akapita mbele yake bila kumwangalia. Jioni ile Aminiel alipiga simu. Haikuita. Akapiga kesho yake, akapiga na keshokutwa. Alikuwa amefungiwa. Wiki hiyo alipaka simba mmoja, akatoka kama mbuzi.

Kisha Madam Romana akampigia Twalha, Aminiel akiwa hapohapo.

"Kile kichwa hakijatutoka," sauti ikasema kwenye spika. "Kiumbe anayejificha mpaka mwili unatoweka! Tunaitaka filamu hiyo. Wazo la nani? Huyo ndiye atakayechora yote."

Twalha akamkonyeza Aminiel: sema lako! Kazi yote ilikuwa pale, ni kunyoosha mkono tu. Severine alishaondoka kwenda Mutuka kwa bibi yake, nani angebisha?

Aminiel akaisogelea simu. "Subiri, Madam. Mwenye wazo yuko mbali kidogo. Nitakupigia nikiwa naye."

Akapanda bodaboda ya rafiki yake hadi Mutuka. Walipofika akashuka, akapanda kilima kwa miguu akitafuta nyumba. Akamwona Severine pembeni, kwenye uwanja chini ya mteremko, anapukuchua maharage na shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba."

"Severine, nimekuja..."

"Toka juu ya paa la bibi."

"Paa gani?"

Akatazama chini. Majani. Mbuzi mmoja anakula. Halafu chini ya viatu vyake mtu akakohoa, na moshi ukapenya katikati ya majani. Aminiel alikuwa amesimama juu ya kichuguu alichokicheka. Akatoa simu, akampigia Madam Romana, akaweka spika.

"Madam, wazo ni la Severine. Mchoro wake haukuwa na kosa. Rangi nilikosea mimi, halafu nikamsingizia mbele yenu."

"Rudia," Severine akasema. "Mtandao unakatika."

Mtandao haukukatika. Akarudia.

"Na lile neno lingine?"

"Nisamehe."

"Sijasikia."

"Nisamehe, Severine!"

"Mimi nimesikia," Madam Romana akasema kwenye simu. "Severine, michoro nione lini?"

Severine akaweka ungo wa maharage chini. Macho yalikuwa yamejaa, lakini mdomo bado vita. "Nakuchukia. Kosa lako limeingia kwenye mchoro wangu, na sasa siwezi kulitoa."

"Basi na mimi niache humohumo."

"Shuka kwanza, utabomoa nyumba ya watu."

Akampa mkono ashuke. Alishashuka, mkono haujaachiwa.

Kuna wazushi mjini wanaosema Aminiel alipiga magoti. Si kweli. Mwanaume hapigi magoti kwenye uwanja wa maharage. Aliinama kufunga kamba za viatu, basi.

Ritha amesimamisha cherehani.

"Alikuwa amevaa ndala," anasema, sindano mdomoni. "Na wewe uliyeelea juu ya ziwa kama papai, uliyemleta kwa pikipiki yako, ukajificha nyuma ya zizi unalia kuliko bibi harusi, njoo nikupime shingo. Bado ina kijani."